Windows imegoma kupanda kwenye laptopu ya zamani: usikimbilie kuipiga upya

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu yake ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa ametoka Nansio kwa meli ya asubuhi, akapitia kwanza kwa fundi mwingine hapa mjini Mwanza, akaambiwa, "Hii tunapiga Windows." Akauliza faili zake je? Jibu: zilizo kwenye C zinaondoka. Sasa alama za wanafunzi za mihula miwili ziko kwenye desktopu, na desktopu iko C. Akaifunga, akashukuru, akaondoka.

Kilichoisibu ni kitu ninachokiona mara kwa mara. Kijana wa jirani alimpa flashi ya Windows 11, ile iliyorukishwa ukaguzi wa mashine, wakaanza kuipandisha juu ya Windows 10 usiku. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, inaishi kwa umeme wa ukutani. Ilipofika asilimia thelathini na kitu, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawa inaonyesha nembo, vidoti vinazunguka, inazima, inawaka, vidoti tena, mpaka kumekucha.

Nitaeleza nilivyoishughulikia, hatua kwa hatua. Mengi ya haya utayaweza mwenyewe nyumbani, uwe Igoma au Sengerema, mradi usiwe na haraka na uwe na flashi mbili na mtu wa kukuazima kompyuta nzima kwa saa moja.

Hatua ya 1: Hakikisha imekwama kweli

Laptopu yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 inaweza kuganda kwenye asilimia ile ile kwa saa nzima na zaidi, huku kazi inaendelea kwa ndani. Tazama kitaa cha diski. Kama kinapepesa, iache. Kama mashine haina kitaa, tega sikio karibu na kibodi usikie kama diski inakwaruza. Nenda soko la Mwaloni ukanunue dagaa, utaikuta imesogea.

Kitaa kikiwa kimetulia kabisa kwa saa mbili au tatu na namba haijasogea, hapo kweli imekwama. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie mpaka izime.

Ila kioo kikiandika "Undoing changes made to your computer", usiiguse hata kama itakesha. Maana yake imeshindwa kupanda na sasa inajirudisha ilikotoka. Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu zimekufa hapo hapo, kwa mkono wa mwenyewe aliyechoka kusubiri.

Hatua ya 2: Chomoa kila kitu, halafu ipoze

Modemu, flashi, kadi ya kumbukumbu, kipanya, printa, diski ya nje: vyote toa. Kifaa kilichochomekwa kwenye USB kinatosha kuangusha zoezi zima. Bakiza chaja tu.

Kisha geuza laptopu uangalie tundu la feni. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna vumbi kama wengine, halafu tuna na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, wanaingia humo na kukaukia. Kupandisha mfumo kunaifanyisha prosesa kazi mfululizo, na laptopu isiyopumua hujizima yenyewe kwa joto. Utadhani Windows imegoma, kumbe ni feni. Tumia brashi laini, na usiiweke laptopu juu ya godoro.

Hatua ya 3: Okoa faili kabla ya jambo lolote

Hapa ndipo sitaki mtu aruke. Matengenezo yote yanayofuata yanaweza kuharibu, na faili ukishazipoteza hakuna wa kukurudishia kwa bei ya kawaida.

Kama Windows bado inawaka, hata kwa kuchechemea, nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenda kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Usisahau vitu vilivyojificha kwenye folda ya programu yako ya uhasibu au ya shule. Watu hukumbuka picha za harusi, wakasahau hesabu za duka.

Kama haiwaki, kama ile ya mwalimu, njia ni kuiwasha kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi. Kwenye kompyuta nzima, pakua Linux Mint, toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Pakua pia programu ndogo ya bure inaitwa Rufus. Chomeka flashi tupu ya GB 8, ifungue Rufus, chagua faili la Mint, bonyeza Start. Kumbuka kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika.

Chomeka flashi kwenye laptopu mgonjwa, washa, na papo hapo gonga-gonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12; HP ni Esc au F9; Asus ni Esc. Acer nayo ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F2 ukaifungulie. Chagua flashi. Mint itawaka bila kugusa chochote kwenye diski. Kwenye desktopu utaona kitufe cha kuisimikia kabisa, kiache. Fungua dirisha la mafaili, ingia kwenye diski ya laptopu, nenda Users, kisha jina lako, uone vitu vyako vimekaa kama ulivyoviacha. Vinakili kwenda kwenye flashi ya pili au diski ya nje. Ikikuambia diski inasomeka tu na haiandikiki, usijali, kusoma ndiko tunakotaka.

Mwalimu alipoliona faili lake la alama kwenye kioo changu hakusema neno. Alikaa tu kwenye stuli.

Kuna kikwazo kimoja. Diski ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, imefungwa na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows yenyewe. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Ingia kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey uutafute. Laptopu ya ofisi, muulize mtu wa kompyuta wa ofisini. Bila ufunguo, faili hazitoki, na fundi anayekuahidi kuzitoa hivi hivi mkwepe.

Hatua ya 4: Ipime diski

Ukiwa bado ndani ya Mint, fungua programu inayoitwa Disks, chagua diski ya laptopu, kwenye menyu yake utafute SMART. Hapo diski inajieleza afya yake. Kwenye Windows inayowaka, kazi hiyo hufanywa na CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mahututi. Mstari ninaoutazama kwanza ni wa Reallocated Sectors, yaani vipande vya diski vilivyokufa vikahamishiwa kwingine. Namba inayoongezeka kila ukipima ni dalili mbaya.

Diski ya mwalimu ilikuwa njano. Kwa hiyo umeme ulikatika, sawa, lakini hata usingekatika sidhani kama ile Windows ingefika mwisho. Diski ya namna hiyo husoma faili moja nusu, ikarudia, ikarudia, mpaka zoezi linakata tamaa lenyewe.

Kama diski ni mbovu au inatoa mlio wa tik-tik, acha kutengeneza Windows. Usiipige chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, kwanza ndipo ukumbuke bakapu, kwa sababu ile inaisugua diski nzima na diski dhaifu inaweza kufia humo. Nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya inchi 2.5 ya SATA. Laptopu nyingi zenye miaka kumi na zaidi zinaipokea, na hakuna kitu kingine unachoweza kuiwekea mashine kuukuu kikabadilisha mwendo wake kama hicho. Watu wanahangaika kuongeza RAM wakati kinachowachelewesha ni diski.

Hatua ya 5: Diski nzima lakini haiwaki? Irudishe ilipotoka

Washa, na nembo ikitokea, izime kwa kushikilia kitufe. Fanya hivyo mara tatu mfululizo. Mara inayofuata Windows yenyewe itajileta kwenye kioo cha matengenezo. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Utaratibu wangu ni huu:

1. "Startup Repair". Wakati mwingine inatosha.
2. "Uninstall Updates", halafu uchague kuondoa sasisho kubwa la mwisho, linaloitwa "feature update".
3. "System Restore", kama kuna tarehe ya nyuma iliyohifadhiwa.
4. "Command Prompt", zikishindikana hizo tatu.

Kwenye hicho kioo cheusi, kwanza tafuta Windows iko herufi gani, maana humo ndani C inaweza kuwa imegeuka D. Andika `dir C:\` uone kama folda ya Windows ipo. Haipo, jaribu D. Ukishaijua, tuseme ni C:

`chkdsk C: /f`
`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`
`bcdboot C:\Windows`

Ya kwanza inarekebisha mpangilio wa diski, ya pili inarudisha faili za Windows zilizoharibika, ya tatu inaandika upya njia ya kuwakia. Kisha zima, washa.

Hatua ya 6: Imewaka, sasa soma namba ya kosa

Hiki ndicho mafundi wengi tunachokiruka, na mimi nilikiruka miaka. Windows ikishindwa kupanda huacha namba. Ukiikosa kwenye kioo, iko kwenye historia ya masasisho ndani ya Settings. Hizi ndizo zinazonijia mara nyingi:

0x80070070: nafasi haitoshi. Hesabu GB 20 ziwe wazi kwenye C, na zaidi ni bora. Endesha `cleanmgr`, bonyeza kusafisha faili za mfumo, futa taka. Hamisha filamu. Kuna laptopu ya diski ya GB 128 niliyoikuta na GB 70 za filamu zilizotafsiriwa, mwenyewe analalamika Windows haipandi.

0xC1900101: hii karibu kila mara ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Ondoa antivairasi uliyojiwekea, chomoa vifaa, kisha nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu uchukue draiva za kioo, za Wi-Fi na za chipseti za modeli yako hasa. Zile programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa mpigo sizishauri; nimefuta nyingi kuliko nilizoziweka.

0xC1900208: kuna programu isiyopatana na toleo jipya. Iondoe, rudia.

0xC1900200 au 0xC1900202: mashine yenyewe haijafikia vigezo. Nitalirudia hilo chini.

0x800F0922: ama ile sehemu ndogo ya diski inayotunza faili za kuwakia imejaa, ama kompyuta haikuweza kufikia seva za masasisho. Kama unatumia VPN, izime kwanza.

0xC1900107: mabaki ya jaribio lililopita hayajasafishwa. Zima, washa, rudia. Hiyo tu.

Kama namba haieleweki, fungua folda iliyofichwa ya `C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther` usome faili la `setuperr.log` kuanzia chini kwenda juu. Mara nyingi jina la draiva au programu iliyokorofisha limeandikwa humo waziwazi.

Na kabla hujalaumu namba yoyote, tazama saa ya kompyuta. Laptopu iliyokaa kabatini huwa betri yake ndogo ya duara, ile kama sarafu iliyoko kwenye bodi, imekwisha. Ikiwaka inadhani bado ni mwaka wa zamani. Tovuti salama zinakataa kufunguka na masasisho yanagoma, kwa sababu vyeti vya usalama vinapimwa kwa tarehe. Sahihisha tarehe. Ikirudi nyuma tena baada ya kuzima, badilisha ile betri. Nyingi ni CR2032, ila ya laptopu mara nyingi ina waya wake, kwa hiyo nenda nayo dukani.

Hatua ya 7: Je, inastahili kupanda?

Windows 11 inataka prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Intel za Core orodha inaanzia takriban kizazi cha nane. Inataka pia TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (mrithi wa BIOS) yenye Secure Boot, RAM GB 4 na diski GB 64. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-8250U ni cha nane, i5-4300U ni cha nne, i5-10210U ni cha kumi. Ya mwalimu ilikuwa ya nne.

Zipo njia za kuruka ukaguzi huo, Rufus nayo inaijua mojawapo. Mimi simfanyii mteja. Microsoft yenyewe inasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na mtu anayevuka ziwa kunifuata sitaki arudi kila sasisho linapogoma. Kwa zile za Core 2 Duo hata ujanja haufui dafu: tangu toleo la 24H2, Windows 11 inadai maagizo ambayo prosesa hizo hazina, haiwaki kabisa.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukijiandikisha kwenye mpango wa ziada wa watumiaji wa nyumbani (ESU), masasisho ya usalama yanaendelea hadi 13 Oktoba 2026. Hiyo ni nafasi ya kupumua, si makazi.

Nilimweleza mwalimu hayo yote. Akaniuliza swali moja.

"Fundi, hiyo ya kwenye flashi yako, ile ya bure, inafungua Excel?"

"Excel yenyewe haimo, mwalimu. Kuna LibreOffice, inafungua faili za Excel."

"Na fomula zangu?"

Tukafungua faili lake hapo hapo. Wastani, madaraja na nafasi vikatoka sawa. Rangi za vichwa zilibadilika kidogo, akasema hizo hazipewi alama. Kama angekuwa mhasibu mwenye programu ya Windows pekee, au faili lake lingejaa makro, ningempa ushauri tofauti: SSD mpya, Windows 10 safi, mpango wa ziada, na aanze kuweka akiba ya mashine nyingine.

Hatua ya 8: Mashine inastahili? Rudia, lakini si kama mwanzo

Kama yako ni ya kizazi kinachokubalika na diski ni nzima, safisha mabaki kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

`net stop wuauserv`
`net stop bits`
`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old`
`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

DISM inaweza kuvuta faili mtandaoni, basi hakikisha bando lipo. Zima, washa.

Kisha usipandishe kupitia Windows Update kwa hotspoti ya simu. Inakatika-katika, na unaweza kulipia GB zile zile mara mbili. Pakua faili zima la ISO kutoka tovuti ya Microsoft, ni zaidi ya GB 5, kwa rafiki mwenye mtandao wa uhakika. Lilete kwa flashi, linakili ndani ya laptopu, chomoa flashi, lifungue kwa kubofya mara mbili, endesha `setup.exe`. Ikikuuliza kuhusu kupakua masasisho, jibu kwamba si sasa, uzime Wi-Fi. Ikikuuliza cha kubakiza, chagua faili na programu zako.

Umeme ndio wa kuupangia. Betri ikiwa nzima, ijaze mpaka mwisho kwanza. Ikiwa imekufa, azima UPS au uende mahali penye jenereta. Usianze jioni mawingu yameshajikusanya upande wa ziwa.

Ikifanikiwa, endesha `winver` uthibitishe toleo, na usiifute folda ya Windows.old kwa siku kumi. Katika siku hizo unaweza kurudi toleo la zamani kupitia Settings. Siku ya kumi na moja mlango huo umefungwa, hapo futa upate nafasi yako.

Ya mwalimu haikufika hatua ya nane. Niliweka SSD, nikasimika Mint, nikarudisha faili, nikabadilisha na ile betri ya saa. Diski ya zamani nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika juu "MBOVU – ina alama", nikampa mwenyewe. Diski yako usimwachie fundi, hata mimi, maana mbovu haimaanishi haisomeki. Akaiingiza kwenye mkoba katikati ya madaftari, akaomba nimwonyeshe tena pa kubofya ili kuchapisha, akawahi meli.